Fahamu homa ya papasi, ugonjwa unaodhaniwa kuwa malaria

Homa inayopanda ghafla, ikamlaza mgonjwa kwa siku tatu hivi, ikaondoka kwa jasho jingi kisha ikarudi baada ya wiki moja, si lazima iwe malaria. Katika maeneo kadhaa ya Tanzania, hususan vijijini ambako familia huishi katika nyumba za udongo, homa ya namna hiyo inaweza kuwa homa ya papasi, ugonjwa unaoenezwa na mdudu wa jamii ya kupe anayeishi ndani ya nyumba. Ugonjwa huu hutibika, tena kwa dawa za kawaida. Tatizo lake ni kwamba hutambuliwa kwa nadra, na wanaoumia zaidi usipotambuliwa ni wajawazito na watoto wachanga.

Kupe anapotajwa, wananchi wengi humfikiria kupe wa ng'ombe, ndigana na josho. Papasi ni wa ukoo huohuo lakini tabia zake ni tofauti. Kupe wa mifugo ana gamba gumu mgongoni, hukaa kwenye majani akisubiri mnyama apite, na akishajishikiza mwilini huweza kubaki hapo kwa siku kadhaa. Papasi hana gamba hilo. Ngozi yake ni laini, imekunjamana na ina rangi ya vumbi, hivyo ni vigumu kumwona juu ya sakafu ya udongo. Mchana hujificha ndani ya nyufa za kuta, chini ya mikeka, kwenye miguu ya kitanda na katika udongo uliolegea kando ya ukuta. Usiku hutoka, humnyonya damu aliyelala kwa muda mfupi, kwa kawaida usiozidi saa moja, kisha hurudi mafichoni. Aliyeumwa mara nyingi hahisi chochote. Kwa sababu hiyo, swali la kawaida la kumuuliza mgonjwa kama aliumwa na kupe halisaidii sana, kwani atajibu kuwa hakuumwa, naye atakuwa anasema kweli kwa kadiri anavyojua.

Vimelea vya ugonjwa ni bakteria wembamba waliojisokota kama uzi wa chemchemi. Humwingia binadamu kupitia mate ya papasi, na pia kupitia majimaji ambayo papasi huyatoa mwilini mwake wakati akinyonya, yanayopenya kwenye tundu la jeraha au mahali mtu alipojikuna. Kitaalamu bakteria hao huitwa Borrelia duttonii, kwa heshima ya daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton, aliyefanya uchunguzi wa ugonjwa huu nchini Kongo pamoja na mwenzake John Todd. Dutton aliugua homa hiyohiyo akiwa kazini na akafariki dunia mwaka 1905. Mwaka huohuo mtaalamu wa Kijerumani Robert Koch, akiwa katika eneo ambalo leo ni Tanzania Bara, aliwakuta papasi wenye vimelea katika vituo vya mapumziko kando ya njia za misafara, akaonesha kuwa papasi jike huwarithisha vizazi vyake bakteria hao kupitia mayai. Ugunduzi huo unaeleza kwa nini nyumba ikishaingiwa na papasi wenye vimelea huendelea kuwa hatari hata asipokuwapo mgonjwa ndani yake.

Dalili za kwanza kwa kawaida hujitokeza takriban wiki moja baada ya kuumwa, ingawa zinaweza kuanza siku ya tatu au kuchelewa hadi wiki ya tatu. Joto la mwili hupanda haraka, mgonjwa hutetemeka, huumwa kichwa, viungo na misuli, hupata kichefuchefu na wakati mwingine hutapika. Baadhi huhisi maumivu upande wa kushoto wa tumbo kwa sababu ya kuvimba kwa bandama. Wengine hutokwa na damu puani au macho huwa ya manjano. Ugonjwa ukiendelea bila tiba, unaweza kugusa mishipa ya fahamu, na upande mmoja wa uso ukalegea. Hakuna hata dalili moja kati ya hizo inayoweza kumhakikishia mtu kuwa hii si malaria.

Kinachotofautisha ni mwenendo wa homa. Baada ya siku chache homa hukatika kwa kishindo: mgonjwa hutetemeka sana, joto hupanda zaidi, kisha hutokwa na jasho jingi na mwili kupoa. Hapo hujisikia amepona na kurejea shambani au shuleni. Takriban wiki moja baadaye homa hurudi. Hali hiyo inaweza kujirudia mara kadhaa, kila awamu ikiwa fupi na nyepesi kuliko iliyotangulia. Sababu ni kwamba kinga ya mwili inapowatambua bakteria kwa sura yao na kuwaua, wachache waliosalia huwa wamebadilisha protini za juu ya miili yao. Kinga hulazimika kuanza upya kuwatambua, na wakati huo bakteria huongezeka tena ndani ya damu. Kwa kuwa mgonjwa hupata nafuu katikati, dawa yoyote aliyoimeza siku hizo huonekana kuwa ndiyo iliyomponya. Aliyekunywa dawa mseto ya malaria huamini ilikuwa malaria, na homa ikirudi husema malaria imekuwa sugu.

Kwa miaka mingi homa ya papasi ilikuwa ikigunduliwa kama kwa bahati. Mtaalamu wa maabara alipokuwa akitafuta vimelea vya malaria kwa hadubini, aliona bakteria waliojisokota katikati ya chembe za damu, na majibu yakatoka. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na kipimo cha haraka kikaenea hadi zahanati za mbali. Manufaa yake ni makubwa: wagonjwa wa malaria hutambuliwa ndani ya dakika chache mahali pasipo na umeme wala hadubini, na dawa hazitolewi ovyo. Lakini kipimo hicho hutafuta protini ya kimelea cha malaria peke yake. Damu iliyojaa bakteria wa homa ya papasi itatoa majibu hasi, na kwa kuwa kioo cha damu hakikuandaliwa, hakuna atakayewaona.

Kuna mtego mwingine unaofahamika kidogo zaidi. Protini inayotafutwa na vipimo vingi vya haraka huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya malaria kutibiwa na kupona. Mtu aliyemaliza dozi wiki mbili zilizopita, akapata homa mpya, anaweza kupata majibu chanya ilhali homa ya sasa inatokana na kitu kingine. Zaidi ya hayo, mtu anaweza kuwa na malaria na homa ya papasi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo majibu chanya pia yanahitaji kutazamwa upya iwapo mgonjwa amekamilisha dawa mseto na homa bado inarudi.

Ukubwa wa pengo hilo ulionekana katika utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Moshi, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walichunguzwa kwa kina. Asilimia 60.7 yao walikuwa wameandikiwa kuwa na malaria, lakini vipimo vya maabara vilithibitisha malaria kwa asilimia 1.6 tu. Miongoni mwa magonjwa yaliyobainika kuwa chanzo halisi yamo ya jamii ya rickettsia, yanayoenezwa na kupe, yaliyopatikana kwa takriban asilimia 8 ya waliopimwa. Moshi si nchi nzima, na viwango vya malaria hutofautiana sana kutoka mkoa hadi mkoa. Hata hivyo, takwimu hizo zinaonesha jinsi ilivyo rahisi kwa ugonjwa wa kupe kupita hospitalini bila kutajwa jina. Mahali pengine majibu hasi ya malaria hufuatwa moja kwa moja na neno taifodi, na mgonjwa huanza dawa ambazo hazikukusudiwa kwa bakteria wa papasi.

Njia ya kuthibitisha homa ya papasi ni ya zamani na haina gharama kubwa. Tone la damu ya kidoleni hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi ya Giemsa, ileile inayotumika kwa malaria, na kuchunguzwa kwa hadubini. La muhimu ni wakati wa kuchukua damu. Bakteria huwa wengi wakati homa iko juu na huadimika mgonjwa anapopata nafuu. Mtu anayesubiri homa ishuke ndipo apande pikipiki kwenda kituoni anaweza kupata majibu hasi ingawa ni mgonjwa. Inashauriwa afikishwe kituoni akiwa bado na homa, na kioo kikionesha hasi wakati shaka ingalipo, kipimo kirudiwe homa itakapopanda tena. Zahanati isiyo na hadubini inapaswa kumpa rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya.

Mgonjwa au ndugu anayemsindikiza anaweza kuharakisha kazi hiyo kwa kueleza mambo ambayo kwa kawaida hayaulizwi: homa ilianza siku gani, ilikatika lini na ilirudi lini, analala kitandani au chini, nyumba ina kuta na sakafu ya namna gani, na kama wengine wa nyumba hiyo wamewahi kuugua hivyo. Kwa mkazi wa mjini, safari ndiyo habari yenye uzito. Aliyeenda msibani au likizo kijijini, akalala chini kwenye mkeka kwa siku mbili, anaweza kuugua akiwa amesharejea Dar es Salaam, ambako hakuna atakayefikiria papasi asipoitaja safari hiyo. Mwananchi ana haki ya kumuuliza mtoa huduma, kwa heshima, kama kioo cha damu kinaweza kutazamwa.

Kwa mjamzito, kuchelewa hakufai kabisa. Bakteria huwa wengi zaidi katika damu ya mwanamke mwenye mimba, na wanaweza kupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Utafiti uliofanyika vijijini nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 1997 ulionesha kuwa karibu nusu ya mimba za wanawake waliougua homa hii zilipotea, ama kwa kuharibika, ama mtoto kuzaliwa akiwa amefariki, ama kufariki muda mfupi baada ya kuzaliwa. Wanawake wenyewe wengi walipona, kwani vifo vya akina mama katika utafiti huo vilikuwa vichache. Hili ni jambo la kuzingatia katika kliniki za wajawazito, kwa sababu mama anayepona haraka anaweza kuonekana hana tatizo, huku hasara ikihesabiwa kama mimba iliyoharibika bila sababu inayojulikana. Mjamzito mwenye homa katika eneo lenye papasi, ambaye kipimo cha malaria kimeonesha hasi, hapaswi kurudishwa nyumbani na dawa ya maumivu peke yake.

Mtoto aliyezaliwa na mama mgonjwa anaweza kuonesha dalili ndani ya siku chache za kwanza. Huenda akawa na homa, au mwili ukawa wa baridi, akakataa kunyonya, akawa mlegevu au akapata manjano. Dalili hizo hufanana na za maambukizi mengine ya kichanga, ambayo ni ya kawaida zaidi. Mama aliyekuwa na homa katika wiki za mwisho za ujauzito aitaje homa hiyo mapema, hata kama ilishapoa, ili damu ya mtoto na ya mama zichunguzwe pamoja.

Matibabu ni ya antibiotiki. Kwa mtu mzima hutumika zaidi tetrasaiklini au doksisaiklini, kwa siku 7 hadi 10. Wajawazito na watoto wadogo kwa kawaida hupewa erithromisini au dawa za jamii ya penisilini. Ugonjwa ukishagusa ubongo au mishipa ya fahamu, mgonjwa hulazwa na kupewa dawa ya sindano kama vile seftriaksoni. Kiasi cha dawa hupangwa na mtaalamu kulingana na umri, uzito na hali ya mgonjwa. Dozi imalizwe hata kama homa imekatika siku ya pili, kwa kuwa kukatika kwa homa, kama ilivyoelezwa, si ushahidi wa kupona.

Ipo sababu nyingine ya kutoanza dawa hizi kwa kununua vidonge katika duka la dawa muhimu na kumeza nyumbani. Ndani ya saa chache baada ya dozi ya kwanza, bakteria wanapokufa kwa wingi kwa mpigo, wagonjwa wengi hupata mshtuko wa mwili: hutetemeka kwa nguvu, joto hupanda kuliko awali, mapigo ya moyo huenda mbio na shinikizo la damu huweza kushuka. Hiyo si aleji ya dawa na haimaanishi kuwa tiba imekosewa. Lakini inaweza kuwa hatari kwa mgonjwa dhaifu, na kwa mjamzito inaweza kuchochea uchungu kabla ya wakati. Ndiyo maana dozi ya kwanza hutolewa chini ya uangalizi kwa angalau saa nne, mahali penye maji ya mshipa na mtaalamu wa kupima shinikizo la damu. Familia isiyoelezwa jambo hili mapema huogopa, huikataza dawa na kumwondoa mgonjwa kituoni katika saa ambayo anahitaji kuwapo.

Kwa wafugaji na wachungaji, kupe wa mifugo nao wana ugonjwa wao kwa binadamu, ambao ni mwepesi zaidi kuutambua kwa macho. Siku 5 hadi 10 baada ya kuumwa hutokea homa, maumivu ya kichwa na misuli, tezi zilizovimba, na mahali pa jeraha huwa na kidonda chenye gamba jeusi. Huweza kuwa zaidi ya kimoja. Doksisaiklini huuponya ndani ya siku chache. Kupe aliyejishikiza mwilini ashikwe kwa kibano karibu na ngozi na avutwe taratibu moja kwa moja. Kumchoma kwa moto au kumpaka mafuta ya taa hakusaidii, na kumpasua kwa vidole vitupu, kama wengi wanavyofanya wakati wa kuwatoa kwa ng'ombe, kunaweza kumpaka mtu vimelea moja kwa moja.

Kinga dhidi ya papasi huanzia kwenye sakafu na kuta. Katika Mkoa wa Dodoma, ambako nyumba za tembe zilienea tangu zamani, eneo la Mvumi limechunguzwa na watafiti kwa muda mrefu kutokana na ugonjwa huu, na utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionesha kuwa kupulizia nyumba zenye papasi viuatilifu vya ukutani kulipunguza maradhi kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Upuliziaji wa aina hiyo ni kazi ya watu waliofunzwa, na dawa za shambani hazifai kutumika ndani ya nyumba. Yapo, hata hivyo, ambayo kaya inaweza kuyafanya bila kusubiri: kuziba nyufa na kukandika upya kuta, kushindilia sakafu au kuiweka saruji pale uwezo unaporuhusu, kulala juu ya kitanda kilichosogezwa mbali na ukuta, na kuchomekea chandarua chini ya godoro badala ya kukiacha kiburute sakafuni. Kuku wasilale chumba kimoja na watu. Katika Mvumi hiyohiyo watafiti waligundua dalili za bakteria hao katika damu ya kuku na nguruwe. Mikeka, magodoro na magunia yanayohamishwa kutoka nyumba yenye papasi yaanikwe juani na kukaguliwa mishononi kabla ya kuingizwa nyumba mpya, maana papasi husafiri na mizigo.

Nyumba iliyohamwa inahitaji tahadhari ya pekee. Papasi anaweza kuishi miaka kadhaa bila kunyonya damu. Familia inayorudi katika nyumba ya wazee iliyofungwa muda mrefu, au wageni wanaolazwa kwenye banda la zamani kwa sababu nyumba kubwa imejaa, ndio huweza kuwa damu ya kwanza kupatikana humo tangu mwenye nyumba alipoondoka. Nyumba ya namna hiyo ifagiliwe hadi pembeni, nyufa zizibwe, na ikiwezekana ipuliziwe, kabla ya mtu yeyote kutandika mkeka humo.